Njegere za Mendel nyuma ya nyumba, Lushoto: shajara ya misimu mitatu

9 Machi 2024. Kutafuta mbegu

Nafundisha baiolojia sekondari, hapa Lushoto. Kila mwaka nikifika mada ya urithi nachora ubaoni njegere za Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi: duara huku, makunyanzi kule, mstari, mshale, na kwa wajukuu duara tatu kwa makunyanzi moja. Wanafunzi wanakariri kwa Kiingereza, mtihani unapita. Mwaka jana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umewahi kuziona?" Njegere zinalimwa mpaka nyuma ya bweni. Sikuwa nimewahi.

Basi nimeanza kurudia jaribio lake. Tuta ni langu, nyuma ya nyumba, mita nane kwa mbili. Wasaidizi ni wanafunzi sita wa klabu ya sayansi. Nitaandika kila hatua ikiisha, na gharama zake, ili mwenye tuta kama hili aweze kufuata. Wa Tanga mjini au Dar nawaonya mapema: njegere zinataka baridi, kwenye joto maua yanapukutika.

Tunahitaji mbegu za aina mbili: zinazobaki duara zikikauka, na zinazojikunja. Za duara nimezipata sokoni, njegere kavu za kupika, kilo moja sh. 3,000. Za makunyanzi ziko duka la pembejeo: zile aina tamu za kuliwa mbichi, mbegu yake ukiitazama imekunjamana kama uso wa bibi kizee. Pakiti sh. 4,000, imepakwa dawa ya rangi ya waridi, kwa hiyo wanafunzi wananawa mikono.

Tumepanda siku hiyohiyo, mistari miwili ya kila aina. Vijiti vya kusimikia, mzigo mmoja, sh. 3,000.

20 Aprili 2024. Kosa la kwanza: sikujua nilichopanda

Mistari ya njegere za sokoni imeota vizuri, lakini mashina hayafanani. Mengine yamerefuka kunipita kiuno, mengine mafupi. Jirani yangu, mzee aliyelima njegere tangu ujana wake, alisimama kwenye ua akacheka: "Mwalimu, hizo za sokoni ni za mashamba kumi kwenye gunia moja."

Ni kweli. Nilisahau jambo ambalo Gregor Mendel alilianza nalo. Huyu alikuwa mtawa wa Kiagostino katika monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Kabla ya kupandisha hata ua moja, yaani kulipaka chavua ya mmea mwingine, alichukua aina 34 za njegere kwa wauza mbegu, akazipanda miaka miwili kuona kama kila moja inazaa mfano wake bila kugeuka, akabakiza 22. Majaribio yenyewe yakaanza mwaka 1856. Vitabu vyetu vya shule vinaruka miaka hiyo miwili kana kwamba ni mtu anayefunga kamba za viatu.

Miaka miwili sina. Dawa niliyoipata ni hii: nimechagua mashina matatu tu ya sokoni kuwa "baba", nimeyafunga utepe mwekundu, na nitavuna mbegu za kila moja katika bahasha yake. Njegere hujichavusha yenyewe ndani ya ua lililofungwa, kwa hiyo mbegu atakazozaa baba kwa kujichavusha zitanieleza kama ni safi. Zikitoka zote duara, tutakuwa tumempata. Ikitokea hata moja ya makunyanzi, baba huyo na watoto wake wote nawatupa.

Nilitaka pia tufuatilie rangi ya punje, ya manjano na ya kijani. Nimeacha. Punje za sokoni zilikaa juani, na kijani chake huchujuka hadi huwezi kuapa ni rangi gani. Umbo tu. Bahasha za kaki, dazeni nne, sh. 2,000.

4 Mei 2024. Kupandisha, mara ya kwanza

Maua yamefunguka. Mama ni mashina ya makunyanzi, baba ni yale matatu yenye utepe. Niliamua hivyo kwa sababu moja, na nadhani ndiyo akili pekee niliyoonyesha msimu huu: tunatarajia duara itawale, yaani ifiche makunyanzi kwa mtoto. Mama wa makunyanzi akizaa punje za makunyanzi, ujue amejichavusha mwenyewe na mkono wako haukufanya kitu. Ukimweka mama wa duara, kosa na mafanikio vinafanana.

Tumepandisha maua 24. Kibano cha kung'olea nyusi, sh. 1,000.

11 Mei 2024. Kosa la pili: tumechelewa

Siku chache zilizopita msichana mmoja wa klabu alifungua tumba ambalo halijachanua, kwa udadisi tu, akaniletea kidole chake. Kilikuwa na unga wa manjano. Vifuko vya chavua vilikuwa vimeshapasuka ndani ya tumba, na stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, imeshapakwa, siku moja au zaidi kabla ua halijafunguka. Yaani maua yote 24 ya wiki iliyopita yalikuwa yameshaoana yenyewe kabla hatujafika. Tulikwenda kuposa kwenye nyumba yenye ndoa.

Namna sahihi, baada ya kuharibu matumba mengi, ni hii. Chagua tumba ambalo petali zake bado zina ukijani na hazijachomoza nje vizuri. Lishike kwa vidole viwili kwa chini. Funua petali kubwa ya mgongoni, kisha zile mbili za ubavuni, utakuta mbili za chini zimeungana kama mtumbwi. Pasua mtumbwi kwa ncha ya sindano upande wa mgongo wake. Ndani kuna stameni (sehemu za kiume zenye chavua) kumi, tisa zimeshikana na moja iko peke yake. Ziwe za kijani zenye unyevu. Ukiona unga, acha, tafuta tumba lingine. Zing'oe zote kumi, na uzihesabu, maana ikibaki moja umefanya kazi bure. Kesho yake asubuhi chukua ua lililokomaa la baba, lifunue, pakaza chavua yake kwenye stigma ya mama. Funika. Andika namba.

Tumefanya matumba 40 namna hii kwa siku nne. Kwenye darasa langu Mendel alikuwa jina tu. Leo nimekaa kwenye kigoda saa mbili, mgongo unauma, nimemaliza matumba saba. Yeye alishughulika na mimea kama 28,000 kwa miaka minane.

1 Juni 2024. Nailoni

Nilifunika matumba kwa vipande vya nailoni ya kujaladia madaftari. Ukungu wa Lushoto asubuhi, jua mchana: ndani kukawa jasho. Matumba 16 yameoza. Mengine 15 yalikauka kwa sababu ya vidole vyetu vizito. Yamebaki maganda tisa. Nailoni tumeitoa, tumeshona vijifuko kwa chandarua kilichochakaa. Havikugharimu kitu, na vimefaa hadi mwisho. Anayefuata aanze navyo.

22 Juni 2024. Tumeshangilia

Wanafunzi wamefungua maganda manne mabichi ya kundi la kwanza, lile la maua 24. Punje zote laini, duara, zinang'aa. Kelele! "Mwalimu, zimetawala!" Nami nikaingia mkenge: labda hatukuchelewa. Nikaandika matokeo kwenye ubao wa matangazo wa shule.

20 Julai 2024. Kosa la tatu: njegere mbichi zote ni duara

Maganda ya kundi la kwanza yamekauka. Punje 96, na zote 96 zina makunyanzi. Nimekwenda kufuta ubao wa matangazo kabla ya mstari wa asubuhi.

Makunyanzi hayaonekani kwenye punje mbichi. Hutokea ikikauka. Sababu yake ilifahamika mwaka 1990 kwa utafiti uliofanyika Norwich, Uingereza. Njegere ya makunyanzi ina hitilafu katika jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kupanga wanga katika matawi. Kipande cha takriban herufi 800 za DNA kimejipenyeza katikati ya jeni hiyo na kuiharibu. Wanga unapungua, sukari inabaki nyingi, sukari inavuta maji, punje inavimba. Inapokauka inapoteza maji mengi kuliko mwenzake, na ganda lake la nje linabaki pana kama koti la kuazima. Ndiyo maana njegere tamu za pakiti zina makunyanzi: utamu na mikunjo ni kitu kimoja kikitazamwa kwa ulimi na kwa jicho.

Habari njema ni maganda tisa ya kundi la pili. Yametoa punje 37, na 31 ni duara. Sita ni za makunyanzi, zote kutoka maganda mawili. Huko tulisahau stameni. Bahasha za wale baba watatu nazo zimefunguliwa: duara tupu. Safi.

Basi 31 hizi ni machotara wetu. Baba duara, mama makunyanzi, na hakuna hata moja iliyotoka nusu. Hili lilikuwa gumu kwa watu wa karne ya 19, ambao wengi waliamini damu za wazazi huchanganyika kama maziwa na chai. Katika machotara hawa makunyanzi yamezama kabisa. Swali ni kama yamekufa.

Gharama hadi hapa: sh. 13,000.

5 Oktoba 2024. Kizazi cha pili kimo ndani ya kizazi cha kwanza

Tumepanda chotara 31 kwa mvua za vuli. Zimeota 26.

Niandike hapa jambo lililonichanganya mimi mwenyewe, nisije nikalificha. Punje iliyo ndani ya ganda si mali ya mama. Ganda ni mwili wa mama, lakini punje ni mtoto, kizazi kinachofuata, tayari kikiwa tumboni. Kwa hiyo umbo la punje linaonekana mapema kuliko urefu wa shina au rangi ya ua. Machotara hawa wakizaa maganda mwezi Januari, punje zilizomo zitakuwa wajukuu wa wale niliopanda Machi. Sihitaji kuzipanda tena ili kuzihesabu. Nilikuwa nimetenga tuta la pili kwa kazi hiyo. Nimeligeuza la mchicha.

30 Novemba 2024

Ubwiri unga. Majani yamekuwa kama yamemwagiwa unga wa sembe. Tumepoteza mashina manne. Salfa ya kunyunyizia, sh. 6,000. Vijiti na bahasha tena, sh. 5,000. Nilipanda kwa kubana sana. Acha angalau kiganja kati ya shina na shina.

22 Desemba 2024. Shangazi

Shangazi amekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya Krismasi. Jana nilikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikarudi nikakuta harufu ya nazi. "Mwanangu, njegere zako zimekomaa mno, zingeharibika. Nimekuokolea." Alikuwa amechuma mashina matano, pamoja na vijifuko vya chandarua, ambavyo alivifua na kuvianika kwenye kamba.

Nilikula. Zilikuwa tamu. Mezani nikamweleza kuhusu chotara, na jinsi sifa inavyojificha kizazi kimoja kisha ikarudi. Akaniangalia kama mtoto anayeeleza kwamba maji yanalowesha. "Mbona hilo tunalijua. Mdogo wako kafanana na nani hapa ndani? Si baba yako, si mama yako. Kamrudia bibi mzaa baba, mpaka mwendo." Nikamuuliza, katika wajukuu wa bibi wangapi wamemrudia, na wangapi hapana? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kwa watoto wa baba mkubwa, akaacha. "Ya nini kuhesabu watu?"

Yamebaki mashina 17. Nimeweka kibao: *SI MBOGA*.

18 Januari 2025. Ganda la kwanza

Shina namba 6. Ganda limekauka, rangi ya karatasi ya kaki, linalia ukilitikisa. Nilimpa yule msichana wa unga wa manjano alifungue. Lilipasuka kwa mlio mdogo, na ndani kulikuwa na punje saba kwenye mstari: duara, duara, makunyanzi, duara, duara, duara, makunyanzi. Ndani ya ganda moja, ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyeshangilia safari hii. Walinyamaza wakalipitisha mkono kwa mkono.

Mendel hakuwa wa kwanza kuona ganda la namna hii. Miaka ya 1820 Mwingereza John Goss alipandisha njegere za rangi mbili, akafungua maganda ya chotara wake akakuta rangi zote mbili humo ndani. Akaandika alichoona. Hakuhesabu. Darwin naye, katika kitabu chake cha mwaka 1868, alipandisha maua ya kawaida ya aina fulani na yenye umbo lililopotoka. Wajukuu walikuwa miche 127: 88 ya kawaida, 37 iliyopotoka, 2 katikati. Namba alikuwa nazo mkononi, akaendelea na safari.

8 Februari 2025. Hesabu ya kwanza, na kosa la nne

Mashina 17, punje 493. Duara 339, makunyanzi 154. Hiyo ni 2.2 kwa 1.

Tarehe ya leo niliichagua makusudi, maana ni tarehe 8 Februari 1865 ndipo Mendel alipowasomea wanachama wa chama cha sayansi asilia cha Brno sehemu ya kwanza ya kazi yake. Ya pili aliisoma tarehe 8 Machi. Nilitaka tatu kwa moja iwe zawadi, nimepata mbili na kidogo.

Wanafunzi wawili walishauri tuache tu, "imekaribia." Mmoja, ambaye huenda akawa mwanasiasa, alishauri turekebishe. Nikawaambia habari ya R. A. Fisher, mtakwimu wa Uingereza, ambaye mwaka 1936 alipiga hesabu upya za Mendel na kusema zimekaribia mno matarajio kuliko bahati inavyoruhusu. Mjadala huo umeendelea miaka mingi, na wengi leo hawamwiti Mendel mdanganyifu. Lakini mzee huyo amekufa tangu 1884 na bado anaulizwa kuhusu daftari lake. Letu litabaki lilivyo.

15 Februari 2025. Duara ni nini?

Nimelala na zile 154 kichwani siku kadhaa. Kisha nilizimwaga kwenye trei nyeupe ya maabara nikazitazama moja moja. Si zote zilizofanana. Nyingi zina makunyanzi ya kweli, mikunjo mirefu kila upande. Lakini kuna zilizobonyea upande mmoja tu, zilizobanwa na jirani ndani ya ganda. Nyingine ni za ncha ya ganda, hazikukomaa, zimesinyaa. Nne zilitobolewa na wadudu. Tulizihesabu sisi sita, jioni, kwa taa ya simu, na kila mmoja alikuwa na duara lake kichwani.

Jicho limeshindwa, basi tukaenda kwenye hadubini ya shule. Kwangua unga kidogo wa punje kwa wembe, tone la maji, tone la ayodini iliyopunguzwa hadi iwe kama chai ya rangi nyepesi. Katika punje ya duara, chembe za wanga ni nzimanzima, mviringo mrefu kama mayai. Katika punje ya makunyanzi, chembe zimepasuka vipande kama mkate wa maboflo uliokatwa kuanzia katikati. Tofauti hii iliandikwa na wataalamu tangu miaka ya mwanzo ya 1900. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaitambua kwa dakika moja.

Tulipima zote 154 kwa siku tatu. Punje 27 zilikuwa na wanga wa duara; zilisinyaa kwa shida zake nyingine. Kwa haki, ikabidi tupime pia upande wa pili: tulichukua punje 60 za duara bila kuchagua, na hakuna hata moja iliyokuwa ya makunyanzi.

Hesabu mpya: duara 366, makunyanzi 127. Ni 2.88 kwa 1. Ya Mendel, kwa sifa hii hii, ilikuwa punje 7,324: duara 5,474, makunyanzi 1,850, yaani 2.96 kwa 1.

Makunyanzi hayakufa, basi. Yalisafiri ndani ya machotara 31 wa duara bila kuonekana, yakatoka upande wa pili yakiwa kamili, si nusu, si yamechujuka. Kila mzazi anatoa chembe moja ya sifa, mtoto anapokea mbili, na mbili hizo haziyeyuki ndani ya mwenzake. Mendel aliziita elementi tu. Neno "jeni" lililetwa mwaka 1909 na Mdenmaki Wilhelm Johannsen.

Jambo moja la pembeni lililonisumbua usingizi. Katika zile 60 za duara, chembe za wanga za baadhi hazikuwa nzima kabisa wala vipande kabisa. Zilikuwa na nyufa. Hao ni machotara, na jambo hili nalo liliandikwa na Mwingereza Darbishire mwaka 1908. Kwa jicho, chotara ni duara kamili. Kwa hadubini, yuko katikati. Sasa sifa "inatawala" wapi? Inategemea umesimama wapi kutazama. Nitalifundisha hivyo mwaka huu, hata kama mtihani hauulizi.

1 Machi 2025. Shina namba 11

Mzazi mmoja wa klabu aliangalia daftari akasema shina namba 11 limeharibika: duara 13, makunyanzi 12. Na namba 3: duara 29, makunyanzi 3. Akashauri tuyatoe.

Hapana. Mendel naye aliandika mashina yake ya ajabu: moja lilimpa duara 43 na makunyanzi 2, jingine duara 14 na makunyanzi 15. Aliyaacha ndani, na akaeleza kwamba uwiano unatulia ukijumlisha wengi. Shina moja ni kama familia moja yenye wasichana sita mfululizo. Anayerudia mradi huu kwa mashina matatu atapata chochote kile. Kwa maoni yangu 15 ndiyo chini kabisa.

15 Machi 2025. Msimu wa tatu

Swali la mwisho. Wajukuu 366 wa duara wanafanana kwa macho. Kama nadharia ni kweli, theluthi moja ni safi na theluthi mbili ni machotara. Njia ya uhakika ni kuwapanda na kuona wanazaa nini. Tumepanda punje 60 za duara zilizochaguliwa kwa kufumba macho (si zile tulizozikwangua). Vijiti na bahasha, sh. 6,000. Jumla ya mradi hadi sasa sh. 30,000, ukiacha chakula cha Shangazi.

Mendel alipanda 565 kutoka punje za duara. Mashina 193 yalizaa duara tupu, 372 yalizaa mchanganyiko. Karibu sana na moja kwa mbili.

19 Julai 2025. Kosa la tano: haraka

Yamefika mavuno mashina 48. Ili kuwahi likizo, tulichuma ganda la kwanza tu la kila shina, tukafungua, tukaandika. Safi 23, mchanganyiko 25. Karibu sawa kwa sawa, badala ya moja kwa mbili! Nadharia imeanguka Lushoto.

Haijaanguka. Mengi ya maganda hayo yalikuwa na punje tano. Chotara anazaa duara kwa nafasi tatu kati ya nne, kila punje. Uwezekano wa kupata duara tano mfululizo bila makunyanzi ni robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe, robo tatu tano kwa jumla, ambayo ni karibu 24 kati ya 100. Yaani karibu chotara mmoja kati ya wanne anapita akijifanya safi. Kwa punje kumi wanaopita ni kama 6 kati ya 100, na hapo ndipo Fisher alipomshika Mendel: kwa sifa za shina na ua, Mendel alipanda watoto kumi tu kwa kila mmea, hivyo baadhi ya machotara walipaswa kumponyoka, lakini namba zake hazionyeshi hivyo. Kwa punje hakuwa na shida hiyo, alikuwa nazo tele. Sisi tulikuwa nazo tele pia, zikiwa bado zinaning'inia kwenye vijiti.

2 Agosti 2025

Tumerudi tukachuma maganda yote ya mashina 23 "safi", tukayakausha wiki mbili juu ya jiko la kuni. Mashina manne yamekutwa na makunyanzi. Moja lilikuwa na punje 18 za duara na moja tu ya makunyanzi, katika ganda la mwisho kabisa juu ya kijiti.

Sasa ni safi 19, mchanganyiko 29. Nilitarajia 16 kwa 32. Kwa mashina 48, tofauti ya watatu si kitu cha kushtua.

Namba 31 nimeiweka upande wa safi kwa muda. Imetoa punje 14, zote duara, na uwezekano wa chotara kufanya hivyo ni chini ya 2 kati ya 100. Lakini bado ina ganda moja juani, la kijani, lilichelewa kuota. Wanafunzi wanataka tulifungue leo. Nimelivalisha chandarua, nimefunga utepe. Litafunguliwa likikauka.